Sufuria Kubwa Jikoni kwa Wakala

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Guangzhou. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikaa magotini. Nyie hamjambo? Presha yako imetulia? Usiniambie bado unatia chumvi kwa kiganja kizima.

Jinzi nilizonunua Xintang zimeshaondoka na kontena. Sasa nije kwenye shauri la Rehema. Uliniomba nikamwone huyo wakala aliyemwahidi mwanao kazi ya hoteli huku. Nimekwenda hadi nyumbani kwake, Xiaobei. Akanipokea vizuri, akasema anaishi na mkewe tu.

"Karibu mzee wangu, hapa kwako."

Basi kama ni kwangu, nikaingia jikoni.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka, ofisa mzima wa jeshi la majini anachungulia vyungu vya watu? Miaka yote niliyowakamata wauza watu baharini, sikuanzia kwenye karatasi. Nahodha akisema ana mabaharia wanne, nilikwenda kutazama sufuria ya wali. Watu utawaficha chini ya magunia, lakini watakula.

Jikoni kwa wakala palikuwa na sufuria ya kupikia matangani, na ukoko wa ugali bado mbichi.

"Mkeo anakula sana," nikamwambia.

Akacheka peke yake. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikabisha, nikauliza nani yumo.

"Tupo, baba," msichana akajibu. "Pasipoti zetu anazo yeye."

"Mzee, laoban wangu hatapenda," wakala akasema. Laoban ni bosi.

"Fungua. Na pasipoti ulete."

Nimestaafu, dada, lakini ile sauti ya melini bado inafanya kazi. Alifungua, akaleta. Walikuwa sita, wote wa kwetu. Aliyejibu ni rika la Rehema, na nilipomwona niliogopa, nakwambia kweli. Sasa wako kwa mama mmoja wa Moshi mwenye duka Tianxiu, wakisubiri ndege ya kurudi.

Kwa hiyo Rehema haji. Nenda na shemeji kwa mshirika wa wakala hapo Dar, yule mliyemwachia pasipoti ya Rehema, mkaichukue kabla habari hazijamfikia. Simu ya jirani yenu haiiti, ndiyo maana nampa barua hii msafiri wa kesho. Mtoto akinuna, aninunie mimi.

Nisalimie shemeji, mama mkweo anayeniita kamanda mpaka leo, na binamu yetu fundi cherehani. Na jioni ukipima unga, fungu la Rehema usilipunguze.

Kaka yako,
Hamisi