Hajati Ngumi mkononi mwa mteja

Jumanne, baada ya magharibi

Bado nacheka peke yangu. Tangu Ijumaa sikuwa na raha, maana binti yangu Zamzam alisema anaacha kuchora vitabu vyake vya katuni, eti hakuna anayevisoma.

Leo pale sokoni Kalerwe, ninapouza nyanya, mteja mmoja, dada mtu mzima, alinyoosha mkono kuchagua nyanya zangu. Mkononi ana tatuu: mwanamke wa kilemba, ngumi juu, mwanya mdomoni. Nikamshika.

"Dada, huyu nani?"

"Hajati Ngumi, mama, wa katuni. Nilipofiwa na mume wangu, ndiye aliyenichekesha."

"Huyo amechorwa na binti yangu, nyumbani kwangu! Tazama mwanya wake, halafu nitazame mimi."

Akapiga kelele, "Wallahi, Hajati mwenyewe!" Soko zima likageuka. Nikamwongezea nyanya mpaka mfuko ukakaribia kupasuka.

Tatuu dini yetu haitaki, najua, na mimi sichorwi. Lakini mtu kubeba kazi ya mwanangu mwilini maisha yake yote... Alhamdulillahi.

Nimemsimulia Zamzam. Alikwenda chumbani, akarudi na penseli.

"Mama, kaa hivyohivyo. Usifunge mdomo."