Karibu Zumbe

Jumamosi, mchana. Jua la utosini, upepo hakuna, hata kuku wamenyamaza.

Sasa hivi Rehema, mwanangu wa miaka mitatu, ameacha uji wake, akaenda mlangoni na kusema, "Karibu Zumbe." Akasogea pembeni, kama unavyompisha mtu mzima. Kisha akavuta kigoda changu, akakiweka hapo mlangoni, akarudi kwenye uji.

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Zumbe ni chifu, kwa Kizigua. Kizigua mimi sikijui. Babu yangu alikuja huku kukata mkonge, na sisi wajukuu tukabaki kuitwa watu wa kambini, kama vile hatuna kwetu. Nilipoolewa hapa Mazingara tukajenga kwenye kilima hiki kitupu, nyumba ya kwanza ikawa yetu. Bodaboda wakaanza kupaita Kwa Mama Rehema. Nilijifanya sijali, lakini moyoni nilikuwa naimba.

Mchana huu kuna mkutano wa kuchagua jina la kitongoji, liandikwe kwenye kibao. Nimelitamani hilo jina jamani.

Nikamfuata mama mkwe jikoni, nikamuuliza kama ndiye aliyemfundisha mtoto lile neno. Akaacha kupepeta.

"Mimi? Neno hilo hapa hatulitaji. Alikaa zumbe kilima hiki zamani. Alipokufa watu wakahama, na jina la mahali wakaliacha." Halafu akanicheka. "Si unataka paitwe kwako? Haya. Pakiitwa kwako, kila anayebisha hodi ni mgeni wako."

Akajifunga kanga, akatangulia mkutanoni.

Nimerudi ndani. Kigoda kipo palepale. Kila akichota uji, Rehema anakiangalia, anatabasamu.

Naogopa, sitaficha. Ila mtoto hakulia hata kidogo.

Mimi nilitaka kibao. Yeye ametoa kigoda.

Basi nimeamua. Nitasimama niseme paitwe Kwazumbe. Nitakuwa Mama Rehema wa Kwazumbe, na nani tena ataniita wa kambini? Mwenye mahali tumemkaribisha wenyewe, kwa mdomo wa mwanangu. Labda ndivyo mtu anavyopata kwao.

Mama mkwe huyo, amerudi kunichukua, ananiita kutoka uani. Anasema watu wamejaa, nifanye haraka, na mbona nimemwacha mzee wa watu mlangoni ameketi peke yake.