Mugeni wa Heshima na Unga wa Mama

Riziki mujukuu wangu,

Hapa Kitshanga tuko wazima. Tumbo la nyanya yako limetulia, na ule mbuzi wako amezaa. Unaniandikia kwamba siku ya diploma yako huko Bukavu muheshimiwa alihubiri saa nzima juu ya magari yake, na unauliza kama sisi pia tulipata hasara ya namna hiyo.

Muheshimiwa wetu, siku ya diploma yetu ya ualimu, alitoka Goma na askari. Ilikuwa vita, na sisi walimu wapya tulitaka atuambie tutafundisha wapi, na nani atatulinda njiani. Alituita wauguzi. Hakuna aliyethubutu kumurekebisha. Kisha bunduki zikalia mulimani, akaingia mu gari katikati ya maneno yake, na hatukumuona tena.

Mama yangu alikuwa amesimama nyuma. Poda ya kumwagia kichwani wenye kufaulu ilikuwa imeisha mu maduka yote, kwa hiyo alikuja na unga wa muhogo mukononi. Aliushika muda wote wa hotuba, mpaka jasho likaugeuza donge.

"Ule papa muheshimiwa amemaliza?" Mama akaniuliza.

"Eh, njo kumaliza kwake kule, Mama," nikamujibu.

Akanipaka lile donge kwenye paji la uso, watu wakikimbia, akapiga vigelegele peke yake.

Hotuba siikumbuki. Lile donge ninalisikia mpaka leo nikinawa uso.

Mama yako anasema siku ya diploma yako alikumwagia poda mpaka ukapiga chafya. Hiyo hukuniandikia.

Ni mimi, babu yako mwalimu.