Mvua Iliyovaa Suti

Mzee Bakari,

Shikamoo. Usipoitikia sitanuna, ingawa enzi za uhai wako "marahaba" yako ilikuwa inamfanya jirani Mzungu achungulie dirishani.

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori, nimeegesha Parramatta, hapa hapa Sydney, namsubiri mteja ambaye kochi lake limegoma kupita mlangoni. Mimi niliyeshusha piano melini kule Durban peke yangu, leo kochi linanitoa jasho! Usicheke. Haya, sawa, tulikuwa wanne.

Nina habari. Baada ya maziko yako wazazi walikaa, wakasema darasa lako la Jumamosi pale ukumbini Campbelltown lifungwe tu. Mwalimu hayupo, watoto ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu Kiingereza, afadhali muda huo wakafundishwe hesabu. Unaujua mdomo wangu. Nikasimama: "Nitafundisha mimi. Nimezunguka dunia nzima." Binti yako Rehema akaniuliza mbele za watu, "Juma, si uliishia la saba wewe?" Nikamwambia la saba la zamani hilo, siyo la siku hizi. Wakanipa Jumamosi moja ya kujaribu. Watoto wakichoka, ukumbi unarudishwa na mambo yamekwisha.

Niliogopa, Mzee. Nakwambia wewe tu.

Nilifuata mtindo wako: neno moja la Kiingereza, magazeti ya kale ya Sydney kutoka mtandao wa maktaba, na kila mtoto aeleze kwa Kiswahili neno hilo linafanya kazi gani pale lilipo. Ulihariri gazeti Dar miaka mingi, na bado ulikuwa unasema neno dogo linaweza kukukimbiza mchana kutwa. Mimi nikachagua smart. Neno langu hilo! Mji huu nani smati kama siyo mimi? Nikavaa suti yangu ya vipande vitatu, ile nyeupe, na joto la Campbelltown unalijua.

Kiti chako sikukikalia. Nilisimama pembeni yake. Mjukuu wako Aisha alijibanza nyuma kabisa, kofia ya sweta imemfunika macho. Tangu uondoke alikuwa hajatamka Kiswahili, hata kwa mama yake.

Tukaanza. Gazeti la kwanza: bibi harusi smart, yaani amependeza. Hapo nilijiona niko nyumbani. Gazeti la pili likasema imenyesha mvua smart. Nikajikuna kichwa. Halafu, bila haya, nikawaeleza kwamba mvua ya Sydney ya kale ilikuwa ya kistaarabu: inashuka imevaa suti, inagonga bati kwa adabu, hodi, hodi. Nikaiigiza. Nikazunguka ukumbi nikinyesha kwa madaha. Kelvin, yule mtoto wa Kirundi, alicheka mpaka akaanguka kitini.

Sauti ikatoka nyuma: "Anko Juma, no! Unadanganya!"

Aisha. Na watoto wote wanaijua sheria yako: anayepinga anakuja kwenye kiti cha mwalimu, anasoma mstari wa juu na mstari wa chini, ndipo abishe. Wakakitazama kiti chako. Wakamtazama yeye. Mimi nikakivuta nyuma kidogo, kama mhudumu wa hoteli kubwa, nikangoja. Sikusema kitu. Mimi, Mzee, sikusema kitu!

Alikuja polepole. Akakaa. Miguu haikufika chini. Akasoma kwamba watu walikimbilia barazani na uzio ukalala chini. "Sasa suti iko wapi, Anko? Hii ni mvua ya nguvu. Inapiga haraka, then inaondoka." Hakuishia hapo. Akachukua tangazo la duka linalotafuta kijana smart: "Siyo mambo ya nguo, ni mtu mwepesi wa kazi." Farasi wa mwendo smart, huyo anakwenda kasi. Tetemeko smart, sahani zimevunjika. Kiingereza anachomeka, ngeli anazikanyaga, lakini anabishana na kidole juu, wewe kabisa! Alipofika kwa mfanyabiashara smart akasema ana akili. Kelvin akaruka: "Akili gani, dada? Huyu mwizi! Soma chini!" Ikabidi ampishe kiti. Basi wakawa wanagombea zamu mpaka wenye ukumbi wakaja kutufukuza.

Rehema alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua mwanawe. Mkono mdomoni, macho yamejaa. Nilipopita akaninong'oneza, "Juma, wiki ijayo usivae hiyo suti, utazimia." Wiki ijayo! Umesikia alivyosema?

Neno la Jumamosi hii kalichagua Aisha. Amegoma kuniambia ni lipi. Anasema nikijua mapema nitajifanya mjuzi.

Pumzika sasa, Mzee wangu. Mola akupe kivuli na watu wa kubishana nao huko uliko. Nami nakuahidi: Jumamosi mchana sihamishi samani ya mtu, hata awe na kasri. Nitafungua ukumbi, nitapanga viti, nitawasomea magazeti yako. Na nitakosea kwa sauti kubwa, kwa moyo wangu wote, ili wanao wasimame kunikosoa kwa Kiswahili.

Wako,
Juma