Niru Kwenye Mteremko

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kazi imeanza. Mita ishirini za zege, kutoka barabara ya chini hadi uwanja wa mzee Eridadi. Upana mita mbili na nusu. Nyumba yangu iko katikati, mkono wa kushoto. Njia ni hiyo moja kwa nyumba zote mbili.

Eridadi aliteleza njiani hapo mwezi wa Aprili, nyonga ikavunjika. Ana miaka themanini na moja. Wanaume wa kikundi cha kipoyi, wabeba wagonjwa wa kijiji, walimbeba kwenye machela mpaka lami. Tope likawatelezesha na wao, wakamwangusha mara moja. Sasa yuko Kasese kwa mwanawe Mumbere, anajifunza kutembea upya. Ameapa hatabebwa tena akiwa hai. Atapanda kwa miguu yake mwenyewe, au harudi Bwera.

Basi, zege.

Jumatano, 3 Septemba

Mchanga umefika, umetoka mto Lhubiriha. Nikajaza chupa nusu, nikatia maji, nikatikisa, nikaacha saa mbili. Juu ya mchanga limetanda tope la vidole viwili. Nikaurudisha.

Sulaiti, fundi wangu, alishika kichwa. "Mama Gazeti, unapima muchanga sawa munganga anapima mukojo!" Vijana wake wakacheka. Nami nikacheka. Mchanga ukarudi.

Jioni wakaleta mwingine, wa juu zaidi mtoni. Tope nusu kidole. Huo unafaa.

Jumamosi, 6 Septemba

Wamechimba, wametoa udongo wote laini, wamejaza mawe na kushindilia. Mbao za pembeni zimesimama. Kulia kuna kingo ya mlima, kushoto mfereji wa mvua. Zege litakatwa vipande vinane, ili likitaka kupasuka lipasukie kwenye mikato. Kipande cha saba na cha nane ndivyo vyenye mwinuko mkali.

Nimemsomea Sulaiti masharti kumi na moja kutoka daftari langu. Unene, kokoto, maji, mikato, majani ya migomba ya kufunikia, na mengine. Haandiki kitu. Alirudia yote kumi na moja kwa kichwa, bila kuruka hata moja. Nimehoji mawaziri wasioweza hivyo.

Juu, mbele ya nyumba ya Eridadi, tutamwaga pia uwanja mdogo tambarare. Huo ni wa mkewe, Tabisa. Kahawa yake imekauka juu ya turubai kwa miaka arobaini.

Eridadi alipiga simu. Baada ya siku ngapi mtu anaweza kukanyaga? Nikamwambia: mtu siku mbili, gari wiki nne.

"Mimi si gari," akasema, akakata.

Jumanne, 9 Septemba

Tumemwaga tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ugomvi mmoja tu – maji. Sulaiti alitaka kuongeza ndoo mbili ili zege litiririke lenyewe. "Hii iko nguvu, mama! Batu yangu batavunjika mugongo." Nikasema migongo ipumzishwe, ndoo zibaki pale pale. Alinung'unika, akatii.

Saa nane ofisi ya gazeti ikapiga: mto unapanda Bulembia. Vipande sita vilikuwa tayari, viwili na uwanja vimebaki. Nikamwachia Sulaiti. Nikaenda.

Jumatano, 10 Septemba

Nililala Kasese. Mto umeshuka, hakuna aliyekufa, daraja liko. Maneno mia tatu, nikayatuma kabla ya chai.

Nimefika nyumbani saa tano. Nikafunua jani moja la mgomba. Nikafunua la pili.

Niru! Kuanzia chini mpaka juu. Sulaiti amenyunyiza saruji kavu, akaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka mteremko mzima ukang'aa kama sebule ya mtu mkubwa. Nimeona sura yangu kwenye kipande cha tatu.

Majirani wamekuja kutazama. Mama mmoja alivua ndala kabla ya kukanyaga ukingo. Sulaiti alisimama pembeni kama bwana harusi. Mfuko wa saruji ni wake, amenipa zawadi. "Bwera muzima, njia ya namna hii haiko," akasema.

Nilimshukuru. Nikaingia ndani.

Nimefungua daftari. Masharti kumi na moja. Hakuna hata moja linalosema uso wa zege uweje. Ufagio mmoja tu, kulikwaruza likiwa bichi ili mguu ushike – basi! Sikuandika. Nimepima tope kwenye chupa na sikuandika ufagio. Kosa ni langu, si la fundi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilimwita Sulaiti asubuhi, peke yake. Nikamwaga nusu dumu la maji kwenye kipande cha nne, nikanyunyiza udongo mwekundu kidogo, kama mvua itakavyoushusha. Nikamwambia atembee.

Akatembea peku. Hakuteleza. "Unaona?"

Tabisa alikuwa anatazama kutoka juu. Akaingia ndani, akashuka kwa kufuata kingo, akiwa na viatu vya kanisani vya mumewe, soli ya ngozi, na fimbo yake ya zamani. "Vaa hivi," akamwambia. "Uwe yeye."

Sulaiti akavaa. Akainama, akakohoa kizee, akapanda hatua mbili. Ya tatu ikamtoa. Alishuka kwa makalio mpaka kipande cha pili, fimbo ikatangulia.

Tabisa alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaangalia viatu.

Sulaiti akainuka polepole. "Uliniambia kumi na moja," akasema. "Ya kumi na mbili sikuisikia."

"Sikuisema."

Akavua viatu, akampa Tabisa kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Sikumwita.

Mchana nikafikiri njia nyingine. Kumwaga mchanga juu? Juu ya niru mchanga unazunguka kama mtama, ni mbaya zaidi. Magunia? Yanateleza pamoja na mtu. Kuna tindo na nyundo tu: kuchonga mistari ya kukatisha, mmoja kila vidole vitatu. Zege la siku mbili bado changa, kingo zitameguka. Ningependa kungoja wiki mbili. Eridadi anatarajiwa mwisho wa mwezi, muda upo.

Ijumaa, 12 Septemba

Muda haupo.

Mumbere amepiga simu saa mbili. Mzee anakuja kesho! Nikauliza, kulikoni? Kumbe Tabisa alimpigia mumewe siku ya Jumatano, akamweleza njia inang'aa kama kioo, watu wanavua viatu. Mzee hajalala. Amefunga mzigo mwenyewe. Mumbere amejaribu kumzuia. "Mama Phionah," akaniambia, "wewe unamujua baba."

Namjua. Nikampigia mzee hata hivyo. Nikamwambia ukweli wote, niru, kosa langu, viatu vya kanisani. Nikamwambia alale kwangu wiki mbili, chumba kipo.

"Nina kitanda yangu," akasema. "Iko juu."

Tabisa alikuja, akaketi barazani kwangu, mikono mapajani. Mwishowe akauliza kama ni yeye aliyemwita mumewe kuja kuvunjika mara ya pili. Nikasema hapana. Nikasema aniletee nyundo.

Nilikuwa nimeanza kipande cha kwanza, vibaya sana, Sulaiti alipotokea. Ana tindo mbili. Akanitazama nilivyoshika yangu.

"Toka hapo, Mama Gazeti. Unaua zege."

Nikatoka. Alipiga magoti na kuanza. Mkono wake ni mwepesi, kingo zinameguka kidogo tu. Kila mstari anaupuliza vumbi na kuupitisha kidole. Niru yake mwenyewe. Mpaka jioni, vipande vitatu.

Uwanja wa Tabisa hatutaugusa. Tambarare, kavu, kahawa haitashika popote. Pale niru iko mahali pake. Nimemwambia hivyo. Aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa mbili. Kipande cha nne kimeisha. Mawingu yamefunika milima yote.

Saa sita. Cha tano, nusu ya sita. Wanaume wanne wa kipoyi wamekuja na machela bila kuitwa. Wamekaa kwenye kingo.

Saa saba na robo. Gari limesimama chini. Mumbere alishuka, kisha fimbo, kisha Eridadi. Amekonda. Akawaona wenye machela. "Wasingya, asanteni sana. Murudi nyumbani." Hakuna aliyeondoka.

Akaanza. Mumbere nyuma yake, mikono wazi, hamgusi. Fimbo ikashika mstari, mguu ukashika mstari. Alipumzika mara tatu. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mbele ya baraza yangu alinisalimia kwa kofia. Mpaka mwisho wa cha sita, hapo michoro inapoishia, hapo Sulaiti amepiga magoti.

Eridadi akagusa mbele kwa ncha ya fimbo. Ikateleza.

"Hii ndiyo gilasi yenyewe?"

"Ndiyo, Tata," Sulaiti akasema.

"Leteni kiti. Fundi amenijengea sebule, mimi nitakaa."

Hata wa kipoyi wakacheka. Nikapeleka kiti na mwavuli, nikarudi barazani. Naandika hapa.

Saa tisa na nusu. Mvua imeanza, nyembamba. Sulaiti anachonga, Eridadi amekaa nyuma yake chini ya mwavuli na kumwonyesha mstari uliopinda. Kila nusu mita wanasogeza kiti. Kipande cha saba kimeisha.

Saa kumi na moja na nusu. Maji mekundu yanashuka kwenye mistari na kuingia mfereji, jinsi ilivyopangwa. Tabisa amesimama juu, ukingoni mwa uwanja wake. Wa kipoyi wamesimama pia.

Mvua imeongezeka. Eridadi ameinuka. Mwavuli amempa Mumbere. Fimbo ameishika kwa mikono miwili.

"Kaa, Tata," Sulaiti amesema bila kuinua kichwa. "Bado mistari tisa."

"Piga. Ninahesabu."

Nane.

Saba.