Pombe ya Tanga Lako Imechacha

Shikamoo, Baba. Nakuamkia kama ulivyotufunza, ila leo nina hasira, univumilie.

Pombe ya kumaliza tanga lako imechacha. Ndizi zile za shamba la Kirushya tulizikamua wenyewe, tukatia mtama wa kukaanga, tukamimina kwenye mtumbwi wa kuchachushia pombe, tukaufunika kwa majani. Wageni kutoka Nemba wakakwama kwa mvua, tukawangoja. Siku ya kufunua, harufu ya siki ikatupiga puani. Baba Mdogo akatema chini, akasema umekataa kinywaji kwa sababu aliyekuua yumo humu ndani. Macho yote yakamgeukia Shukuru, mke wa kaka yangu. Kesho ukoo unakaa, na wakimtia hatiani kwa uchawi anarudishwa kwao, mtoto anabaki.

Mimi nafundisha kemia, jambo ulilotambia kwenye vilabu vyote vya Ngara. Kwa hiyo najua kilichotokea. Hamira hula sukari ya ndizi ikatoa kilevi, tena bila kuhitaji hewa. Hewa ikiingia, bakteria wengine hukichukua kilevi hicho na oksijeni, wakakigeuza kuwa asidi ya asetiki. Siki, basi. Hata ini lako lilikuwa likiitengeneza kila ulipotoka kunywa, na hakuna aliyekuita mchawi.

Sasa nani aliingiza hewa? Hapo ndipo roho inaniuma. Kila alfajiri Baba Mdogo alifunua mtumbwi, akachota kidogo, akaenda kukumwagia kaburini ili usikae na kiu. Nilimwona, nikafurahi. Alikuwa akirudi analia, majani ameyaacha pembeni mpaka jua linapanda.

Jioni hii nimemfuata shambani, nikamweleza taratibu. Akashika shina la mgomba.

"Kwa hiyo aliyemnywesha kaka yangu siki ni mimi?"

Nikamwambia ndiyo, Baba Mdogo. Akanishika mkono. "Mwanangu, usinisemee hilo mbele ya watu. Nitakufa kwa aibu."

Baba, mdogo wako nampenda. Ningekuwa na njia nyingine ningeipita.

Shukuru amelala chumbani kwangu, mtoto kamkumbatia shingoni. Hajui ninachokijua.

Kwaheri, Baba. Ulimwagiwa pombe ile kwa upendo, na kesho nitaanza na neno hilo. Kisha nitataja jina la mdogo wako, naye amekaa pale pale mbele yangu.