Bahari Isiyo na Ng'ambo

Baba,

Ejok, nakusalimu. Nimeiona bahari.

Hapa Lodwar sijapata wa kumweleza. Nikisema haina ng'ambo, Mama anajibu kwamba hata ziwa la Kalokol halina ng'ambo siku ya vumbi. Lakini nilingoja, Baba. Hewa ilikuwa safi kabisa, na ng'ambo haikutokea.

Mwalimu Nekesa alitupeleka Mombasa kukimbia nusu marathoni kando ya maji hayo, mimi na Achol, yule msichana wa kambi ya Kakuma uliyemwita Twiga. Mama alikubali kwa shingo upande. "Ukiishia njiani, mbio zimekwisha. Utakwenda Lokori kuchunga mbuzi wa shangazi yako." Unamjua, hasemi mara mbili.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza tangu utuache. Zamani, kabla sijaondoka, ulikuwa ukijaza maji mdomoni na kunipulizia kifuani kunibariki, ndipo ukiniambia niende. Safari hii hakuna aliyekumbuka, nami niliona haya kuomba.

Asubuhi ya mbio nilishuka ufukweni, nikateka maji kwa viganja nikayanywa, kama tunavyokunywa ya ziwa letu, yenye magadi kidogo tu. Baba! Chumvi ilinichoma mpaka puani. Nikayatema yote, yakanimwagikia kifuani, palepale ulipokuwa ukinipulizia.

Achol alicheka hadi akakaa mchangani. "Wewe Akiru, umekuja kukimbia ama kumaliza bahari?"

Mimi sikucheka. Nilisimama nikichuruzika maji, nikajua sasa naweza kwenda.

Njia yenyewe ni lami, tambarare tupu. Wewe ulinifundisha kwenye mchanga wa Kawalase mto ukiwa mkavu, mguu unazama, nawe nyuma yangu: "Nyanyua! Nyanyua!" Kule mguu hauzami. Nilijihisi mwepesi, kana kwamba nimesahau mzigo nyumbani. Na ubavuni mwangu maji yale yote yalikuwa yakiinuka na kushuka, bila mtu kuyasukuma. Nilitamani uyaone.

Karibu na mwisho mapaja yalikataa. Hewa ya huko ni kama mvuke wa sufuria. Wasichana wengine walikuwa wamekaa kando ya barabara, wamevua viatu. Nami nikataka kukaa. Nikajishika kifua; shati lilikuwa limekakamaa kwa chumvi. Nikasema kwa sauti, watu wakisikia, "Nyanyua!"

Nilimaliza, Baba. Achol alinitangulia mbali, anatamba mpaka leo. Lakini nilifika kwa miguu yangu.

Nyumbani Mama alilichukua lile shati nililokuwa sijalifua. Akaikwangua chumvi kwa ukucha, akaionja. Kisha akachota maji mtungini, akajaza mdomo, akanipulizia kifuani. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Kesho uamke mapema ukakimbie," alisema, "kabla jua halijawa kali."

Basi pumzika, Baba. Kesho nitapita Kawalase, kando ya mawe ya kaburi lako. Nakuahidi, hutasikia mguu ukiburutwa.

Binti yako,
Akiru